Daftari la Maswali: Maktaba ya Umma na Watu Wake

(Mhadhara kwa walimu, madiwani, wakutubi na wasomaji wa Tanga)

  

Nimeombwa nieleze huduma za maktaba ya umma. Kazi hiyo nimeifanya katika mikoa kadhaa mpaka nikastaafu. Nimegonga muhuri wa tarehe kwenye karatasi za nyuma ya vitabu, nimepanga rafu, nimefukuza mchwa, nimesimulia hadithi kwa watoto waliokaa kwenye mkeka. Kusudi langu leo ni moja. Taarifa zetu za kila mwaka huhesabu vitabu, viti na wanachama. Hesabu hizo zina kazi yake, lakini hazituambii yule aliyeingia na shida alitoka na nini. Mimi nasema maktaba ipimwe kwa maswali inayoyajibu. Nina hoja tano za kutetea jambo hilo. Ya tatu ndiyo nitakayokaa nayo zaidi, kwa sababu ndiyo inayosahauliwa.

Kwanza niseme kidogo tulikotoka, kwa faida ya vijana. Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki lilianzishwa mwaka 1948, na pamoja na kuchapisha vitabu lilikuwa likituma masanduku ya vitabu mashambani na vitabu kwa posta kwa wasomaji waliokuwa mbali. Kwa hiyo kabla nchi yetu haijawa na mtandao wa maktaba, tayari kulikuwa na watu vijijini wakingojea kitabu kama mtu anavyongojea barua. Baada ya uhuru, Bunge lilipitisha sheria ya huduma za maktaba mwaka 1963, kazi ikaanza mwaka uliofuata, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akaifungua Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam. Sheria mpya ya mwaka 1975 ndiyo iliyounda Bodi ya Huduma za Maktaba tunayoijua. Maktaba ya hapa Tanga ni ya zamani kuliko sheria hizo mbili. Ilijengwa wakati wa ukoloni na kupewa jina la kumbukumbu ya Mfalme George wa Sita. Jina hilo limebaki kwa wazee. Jengo limebaki kwa watoto wetu.

Tazameni ule mwaka 1967. Ndio mwaka wa Azimio la Arusha na wa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, na wakati huo karibu asilimia 69 ya watu wazima nchini hawakujua kusoma wala kuandika. Serikali ikafungua maktaba kubwa katika nchi ambayo wengi hawawezi kusoma! Kuna waliouliza maana yake. Jibu lilikuja miaka ya sabini, madarasa ya watu wazima yalipoenea: aliyefundishwa kusoma akakosa cha kusoma, husahau. Ndiyo maana maktaba za vijijini na magazeti ya wasomaji wapya, kama lile la Elimu Haina Mwisho lililoanzia Mwanza, vilikwenda pamoja na madarasa yale. Mwaka 1986 wasiojua kusoma walikuwa wameshuka chini ya asilimia 10. Waliofanya kazi hiyo ni walimu, wengi wao wa kujitolea, na nyuma yao kulikuwa na mtu wa kufungua sanduku la vitabu.

Hoja ya kwanza: kiti, meza na taa ni huduma.

Nimewasikia wakubwa wakilalamika kwamba maktaba zetu zimejaa wanafunzi wanaokuja na madaftari yao wenyewe, hawaazimi kitabu hata kimoja, wanatafuta tu mahali pa kukaa. Wanasema hiyo si maktaba, ni ukumbi wa kusomea. Naomba tuwe na huruma, na tuwe wakweli. Mtoto anatoka kwenye vyumba viwili vyenye watu wanane. Redio ya jirani inaimba, mdogo wake analia, umeme umekatika au luku imekwisha. Anatembea mpaka maktaba, anapata meza, anapata mwanga, anapata saa tatu ambazo hakuna anayemtuma dukani. Kwa mtoto huyo hicho kiti kina thamani sawa na kitabu. Kasoro iko kwetu tunapomwacha akae hapo mwaka mzima bila mkutubi hata mmoja kumwendea na kumwuliza kwa sauti ya chini, "Unasoma nini, nikuletee kingine cha kukusaidia?" Kiti kilichompokea kingekuwa mwanzo wa mazungumzo.

Hoja ya pili: watoto waje kabla ya shule kuwafundisha kuogopa vitabu.

Hapa nitapita haraka, maana walimu wa chekechea mlio hapa mnalijua jambo hili kunishinda. Tangu mwaka 1991, Mradi wa Vitabu vya Watoto umesaidia kuzaa vitabu vingi vya Kiswahili vyenye picha za nyumba zetu, mbuzi wetu na bibi zetu. Hatuna tena sababu ya kumwanzishia mtoto wa Chumbageni au Ngamiani na picha za theluji. Ila kitabu cha mtoto kisifungiwe kwenye kabati la kioo ili kisichafuke. Kitabu cha mtoto kilichotumika vizuri kina kona zilizokunjwa, kina alama ya kidole chenye mafuta ya andazi, na ukurasa wa simba umelegea kuliko mingine kwa sababu ndio uliofunguliwa sana. Mkutubi anayeona kitabu cha namna hiyo akifunge kwa uzi na gundi, akirudishe rafuni, na asimgombeze mtu.

Hoja ya tatu: kazi kuu ya maktaba ni kupokea swali.

Nisimulie. Mwaka 2017 nilikuwa katika mji mmoja wa nyanda za juu. Asubuhi moja, yapata saa nne, aliingia mzee amefunga kitu kwenye kipande cha gazeti. Alisimama mlangoni akiangalia tope la viatu vyake, na nadhani angegeuka kama mwenzangu hangeinuka na kumwambia, "Karibu, baba, pita." Akaja mpaka mezani, akafungua gazeti. Ndani lilikuwemo jani la mhindi limetobolewa matundu marefu, limejaa uchafu kama vumbi la mbao, na katikati yake kiwavi mmoja amejikunja. Mzee akauliza, "Huyu ni nani? Sumu niliyouziwa haimwui."

Mimi sikujua. Nalisema hilo bila haya, kwa sababu mkutubi halipwi kwa kujua, analipwa kwa kutafuta. Tulianza na kitabu cha kilimo kilichokuwa rafuni. Kilieleza viwavijeshi wale wa siku zote, wanaokuja kwa makundi wakamaliza shamba na kusonga mbele. Mzee akatikisa kichwa: wa kwake hawakuja kwa makundi, kila mmoja alijificha ndani ya mmea wake. Tukaenda kwenye kompyuta, na baada ya kupekua tukapata maelezo ya shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa kuhusu kiwavijeshi vamizi, mdudu wa Amerika aliyegunduliwa Afrika Magharibi mwaka 2016 na kufika kwetu mwaka uliofuata. Maelezo yalisema umtambue kwa alama mbili: kichwani ana mstari kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana vidoa vinne vilivyokaa kama pembe za mraba. Nikachukua kile kioo cha kukuzia tunachotumia kusomea ramani, nikampa mzee. Akainama, akahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne. Kisha akakaa kimya kidogo, akaniambia, "Sasa namjua."

Kumjua mdudu kulimweleza pia kwa nini sumu haikufaa. Mdudu yule hukaa chini kabisa ndani ya moyo wa mhindi, na uchafu wake huziba njia kama kifuniko, kwa hiyo dawa inayopita juu ya majani haimfikii. Lazima akaguliwe akingali mdogo. Tulimpigia simu afisa ugani wa kata, wakapanga kuonana shambani. Wiki iliyofuata mzee alirudi na majirani wawili. Hakuna kitabu kilichoazimwa siku ile. Katika taarifa yetu ya mwezi, ziara yake haikuonekana popote.

Mtaniuliza: leo kila kijana ana simu, kwa nini asiulize simu yake? Na aulize. Lakini tazameni kilichotokea. Kitabu kilisema kitu kimoja, mtandao ukasema vingi, na palitakiwa mtu wa kumsikiliza mzee vizuri mpaka alipotamka lile neno la maana, kwamba wadudu wake hawakuja kwa makundi. Neno hilo moja ndilo lililotutoa kwenye jibu lisilo sahihi. Simu haikuulizi ulichosahau kusema.

Kuna jambo jingine ambalo wakutubi vijana hufundishwa, nalo ni kwamba swali la kwanza mara nyingi silo swali lenyewe. Msichana mmoja wa kidato cha pili alikuja kuomba "kitabu chochote cha biolojia." Ungeweza kumwonyesha rafu na kurudi kukaa. Mwenzangu alimwuliza taratibu anatafuta mada ipi. Damu. Damu kwa mtihani? Hapana. Mwishowe alinong'ona: mdogo wake ana selimundu, na nyumbani wanasema amerogwa. Alichohitaji ni kurasa chache zinazoeleza jinsi ugonjwa huo unavyorithiwa kwa baba na mama, kwa maneno ambayo angeweza kuyasoma mbele ya bibi yake bila kumvunjia heshima. Alipewa. Alipewa pia ahadi kwamba habari zake hazitatoka pale mezani. Siri ya msomaji ni amana, kama siri ya mgonjwa.

Ndugu zangu madiwani, naomba mnisikilize hapa kwa makini, maana bajeti inapitia mikononi mwenu. Kujenga jengo ni rahisi kuliko kumweka ndani yake mtu wa namna hiyo. Tuna chuo cha ukutubi pale Bagamoyo tangu mwaka 1989. Vijana wanaohitimu pale wamefundishwa kazi hii. Halafu tunawaweka getini kukagua mifuko.

Hoja ya nne: maktaba ijibu maswali ya mahali ilipo.

Tanga si mji mdogo katika historia ya maandishi ya nchi hii. Gazeti la Kiongozi lilichapishwa hapa mwanzoni mwa karne ya 20, kwa Kiswahili, likisomwa na walimu na makarani mbali na pwani. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, hapo Machui, mwaka 1909. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ukabadili sura ya mkoa mzima: reli, bandari, kambi za manamba, ndoa kati ya makabila, hata msamiati wa watoto. Kule Amani kulikuwa na taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo tangu mwaka 1902. Na baharini, samaki aitwaye silikanti, ambaye wataalamu walidhani ametoweka duniani kwa mamilioni ya miaka mpaka alipoonekana Afrika Kusini mwaka 1938, amekuwa akinaswa kwenye nyavu za wavuvi wetu, kiasi kwamba serikali imetenga hifadhi ya bahari kwa ajili yake.

Mtoto wa Tanga akiuliza lolote katika hayo, anapaswa kupata jibu ndani ya mji wake. Nataka kuona kona ya mkoa katika maktaba: vitabu, picha, ramani, taarifa za vyama vya ushirika, kanda za sauti za wazee waliokata mkonge na wazee waliotunga mashairi wakayatuma kwenye magazeti. Mzee aliyefanya kazi ya korona, yaani mashine ile ya kuparua majani ya mkonge, anaweza kueleza jinsi nyuzi zilivyotoka mbichi, zikaoshwa, zikaanikwa juani, na jinsi maji ya jani yalivyowasha mikono. Hayo hayamo katika kitabu chochote cha darasani. Akifa kabla hatujakaa naye, yamekwenda.

Kuna jambo dogo la kitaalamu linalonigusa. Vitabu vyetu hupangwa kwa namba za Dewey, mfumo wa Mmarekani aliyeutoa mwaka 1876. Katika mfumo huo fasihi ya Kiingereza imepewa namba fupi na nafasi pana, 820. Fasihi ya Kiswahili iko 896.392, mwishoni kabisa, ndani ya fungu la lugha nyingine zote zilizosalia. Namba hatuwezi kuibadili sisi hapa. Rafu tunaweza. Nimefanya kazi mahali ambapo 896.392 ilikuwa kwenye rafu ya chini kabisa, nyuma ya nguzo, na tuliposhauri ihamishiwe mlangoni tuliambiwa itaharibu mpangilio. Baadaye tuliihamisha. Riwaya na diwani zilizokuwa na vumbi zikaanza kugongwa mihuri, na karatasi za tarehe zikajaa.

Hoja ya tano: asiyeweza kufika, afuatwe.

Kule Garissa, Kenya, tangu mwaka 1996 maktaba ya taifa imekuwa ikipeleka vitabu kwa wafugaji kwa ngamia. Ngamia mmoja hubeba vitabu, mwingine hubeba hema, na hema likisimikwa chini ya mti watoto husoma mkekani. Gari halifiki huko, au likifika linazama mchangani. Waliobuni hilo hawakungoja barabara. Sisi hatuhitaji ngamia. Tuna bodaboda, tuna mabasi ya Lushoto na Pangani yanayobeba magunia ya mchicha na ndoo za samaki kila siku, na sanduku la vitabu 50 haliwezi kuyashinda. Shule moja ikae nalo mwezi mmoja, kisha lipelekwe shule ya pili.

Wako pia walio karibu nasi na bado hawafiki. Asiyeona anahitaji maandishi ya nukta nundu au kitabu cha kusikiliza. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 umefungua njia ya kunakili vitabu kwa ajili yake bila kizuizi cha hakimiliki, na Tanzania ilijiunga nao mwaka 2020. Njia iko wazi. Kinachotakiwa ni mtu wa kuipita.

Na yuko yule anayezuiwa na karatasi. Katika kituo kimoja nilichotumikia, fomu ya uanachama ilidai mdhamini mwenye ajira ya kudumu. Alikuja mama anayeuza chakula stendi, anataka kitabu cha mapishi na kingine cha hesabu za biashara ndogo. Alikuwa na kitambulisho na pesa ya ada. Mdhamini hakuwa naye, kwa sababu watu wote anaowajua wanafanya kazi kama yake. Tukamrudisha. Mimi ndiye niliyemrudishia fomu mkononi, na sijasahau jinsi alivyoikunja mara nne na kuitia kwenye pochi, kama kitu ambacho bado kingemfaa. Hofu ya kupoteza kitabu ilitupotezea msomaji. Mwenyekiti wa mtaa anatosha kumdhamini mtu. Na kama hata huyo hayupo, nampendekezea mkutubi amwamini kwa kitabu kimoja, aone kama hatakirudisha.

Nimalizie kwa yanayotungoja. Mwenyekiti wa mkutano huu ameniambia kwamba maombi ya leo yatapelekwa kwenye kikao, basi nayataja yangu. Milango ifunguliwe Jumamosi mpaka jioni, maana siku hiyo fundi cherehani na mvuvi wana nafasi. Masanduku kumi ya kwanza yaende shuleni kabla ya muhula ujao, na walimu wakuu mlioinua mikono tulipozungumza nje mtaje shule zenu. Wanafunzi wa sekondari wapewe vinasa sauti, au watumie simu zao, wakaketi na wazee wa mkonge kuanzia na walio dhaifu zaidi.

La mwisho linaanza leo hii. Nimekuja na daftari kubwa, la kurasa 200, la mistari. Liko kwenye meza pale mlangoni, kalamu imefungwa kwa uzi ili isitembee. Kila ukurasa nimeugawa sehemu tatu: tarehe, swali, na jibu limepatikana wapi. Hakuna nafasi ya jina. Mnapotoka, kila mmoja aandike jambo moja ambalo amekuwa akitaka kulijua na hakupata wa kumwuliza, liwe la shamba, la dawa, la mirathi, la nyota au la babu yake. Wakutubi wameniahidi kwamba Jumatatu asubuhi, kabla hawajafungua magazeti, wataanza na swali la kwanza.